Suti Iliyompwaya Zumari

Machi 4
Naandika nyuma ya daftari la oda kwa sababu mbele hakuna oda. Harusi zimeahirishwa kwa sababu ya ugonjwa huu mpya, shule zimefungwa, kwa hiyo hata sare hakuna. Mvua imeanza leo, na vitambaa vyote dukani vinanuka unyevu. Mjomba anashona barakoa. Kila akimaliza moja anaiinua, anaitazama, anaguna. Mtu aliyemshonea Zumari makoti ya jukwaani miaka ishirini na miwili, leo anashona vitambaa vya pua! Nimecheka, akanirushia kipande cha chaki.

Machi 5
Mvua. Barakoa arobaini.

Machi 7
Zumari anaumwa. Nimeipata habari kwa Kinyozi, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye redio yake haizimwi hata akiwa na wembe shingoni mwa mtu. Mtangazaji kasema mwanamuziki wetu mpendwa amelazwa hospitali kuu kwa ugonjwa huu huu, hali yake inaendelea vizuri, tumwombee. Wakapiga wimbo wake. Halafu mwingine. Mpaka saa kumi jioni walikuwa bado wanapiga nyimbo zake tu.

"Mtu aliye mzima hapigiwi nyimbo mfululizo hivyo," Kinyozi kasema. "Huyo tayari."

"Tayari nini?" nikauliza.

"Fundi, na wewe! Lisemwalo lipo."

"Nani kalisema?"

"Si mimi hapa nimelisema?"

Mama Mkate, anayeuza mikate ng'ambo ya barabara, haamini kabisa. Anasema Zumari ana wimbo mpya unaotoka mwezi ujao na wasanii siku hizi wanaumwa kwa kalenda. Wateja wa Kinyozi nao wakamkumbusha kila mtu kwamba wiki mbili zilizopita Zumari alisema redioni kuwa ugonjwa huu ni mafua yenye kiburi. Walicheka wote siku ile, nami nilicheka. Leo wale wale wanasema kajitakia. Sielewi mtu analichekaje neno na kisha anamhukumu mwenzake kwa neno hilo hilo, lakini haya, penye wengi pana mengi.

Mjomba aliweka barakoa chini. Aliteremsha kitabu cha vipimo kutoka rafuni, kile kikubwa cheusi, akafungua ukurasa wa Zumari. Kitabu hicho kinaandikwa kwa wino tu. Mjomba anasema anayeandika kipimo kwa penseli haiamini tepu yake. Kifua 45, kiuno 42, mkono 25 na robo. Na chini yake, mstari wenye alama mbili: bega la kushoto shusha nusu inchi. Bega hilo limelala kwa sababu ya mkanda wa gitaa, tangu ujana wake.

"Daktari wake hajui hili," Mjomba kasema. "Tunajua mimi, wewe na gitaa."

Machi 9
Watu wanakuja kuomba lapu. Wanataka vipande vilivyobaki vya nguo za Zumari, hata vidogo, wakaweke ndani. Mmoja amelia hapa mlangoni, mwanamke mtu mzima, wakati mwaka jana aliapa mbele yangu kwamba yule ni mlevi na mwanawe hataruhusiwa kusikiliza nyimbo zake. Nimempa kipande cha bitana, kitambaa cha ndani ya koti. Sijui nimefanya wema au upuuzi.

Machi 12
Kwenye simu inazunguka picha ya kitanda kitupu. Wanasema ni chake. Nimeonyeshwa mara tatu leo, na watu watatu, kila mmoja na maana yake: kafa, kapelekwa nje ya nchi, hakuwahi kulazwa. Kitanda ni hicho hicho kimoja, maskini, kimetandikwa shuka nyeupe.

Machi 14
Mjomba amekohoa. Kasema ni vumbi la kitambaa.

Machi 15
Vumbi la kitambaa.

Machi 16
Mvua haijakatika tangu juzi, na kikohozi cha Mjomba hakijakatika. Nimeweka cherehani yangu karibu na mlango, yake kule ndani, na katikati tumetundika kitambaa. Tunaongea kama watu wawili walio chooni. Amenitania hivyo yeye mwenyewe, kisha kikohozi kikamchukua.

Machi 18
Mpangaji wetu wa chumba cha uani ni muuguzi. Leo ametoka kazini akamfuata Mjomba moja kwa moja, hakuvua hata viatu vyenye tope. Alimbana kidole na kale kakifaa kanakosoma hewa iliyomo kwenye damu. Ni kidole cha shahada cha kulia, chenye ukucha uliopasuka katikati tangu sindano ya cherehani ilipopita humo, mimi nikiwa mtoto. Muuguzi ikabidi atafute kidole kingine.

"Tisini na moja," kasema. "Ilitakiwa izidi tisini na tano. Baba, twende hospitali."

"Kuna nani huko?"

"Kuna hewa ya mitungi. Kuna madaktari."

"Yuko Zumari huko," Mjomba kasema. "Ana pesa, ana madaktari wake, nchi nzima inamwombea. Kaingia hajatoka, hata sauti yake hatuisikii. Mimi mshona barakoa ndiye nitakayetoka?"

Nikamwambia maneno makali. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akasema yeye hafichi, anakohoa mtaa mzima unasikia. Mwisho Muuguzi akamuuliza atakwenda lini basi.

"Siku nitakayomwona Zumari amesimama kwa miguu yake, nitakwenda mwenyewe bila kushikwa mkono. Ahadi."

Sasa, mafundi tunajulikana. Ukisikia fundi kasema njoo Ijumaa, jua ni Ijumaa ya mwezi ujao. Lakini Mjomba hajavunja ahadi hata moja maishani mwake. Nguo ya Ijumaa hutoka Alhamisi. Ndiyo maana nimeogopa.

Machi 19
Tisini. Nimemchukia Zumari leo. Aseme hata neno moja!

Machi 21
Kinyozi ana uhakika kwamba amezikwa kwa siri. Mama Mkate ana uhakika kwamba yuko kwake anakula kuku. Wamegombana mpaka hawasalimiani, na mpaka leo hawajawahi kumwona Zumari kwa karibu, wote wawili.

Mjomba anasikia kila kitu kupitia ukutani. Nimemwomba Kinyozi apunguze sauti. Kasema, "Fundi, watu wana haki ya kujua." Kujua nini, jamani?

Machi 23
Lazima niliandike hili polepole.

Saa nne asubuhi gari la Zumari lilisimama mlangoni. Nalijua. Dereva wake akashuka na mfuko wa plastiki juu ya kichwa kwa sababu ya mvua, akaniita pembeni. Mzee yu hai, kasema. Atazungumza na watu kwenye televisheni, Jumamosi saa tisa, amesimama. Anataka suti mpya, ya buluu iliyoiva, na hataki fundi mwingine. Kitambaa hiki hapa. Vipimo hivi hapa.

Jumamosi, amesimama! Ndipo nikaisoma karatasi. Kifua 36. Kiuno 33.

"Nani kapima?"

"Wa hospitali."

"Kapima kwa nini, kamba ya viatu?"

Dereva akatazama chini. "Shona tu, dada," akasema, akarudi garini.

Mjomba alikuwa amelala. Sikumwonyesha karatasi. Ningeionyeshaje? Mtu anayesubiri dalili ya uzima, umpe karatasi inayosema Zumari amepungua inchi tisa kiunoni? Nimeikunja, nimeiweka chini ya kopo la vifungo.

Machi 24
Mjomba ana sheria ya duka hili, nami nimelelewa nayo kama wengine walivyolelewa na sala: kipimo kilichopimwa na mkono mwingine hakikatwi. Mkasi hauna samahani, ndivyo anavyosema. Nimetandaza kitambaa, nimeweka karatasi kulia na kitabu kushoto, nikasimama na chaki mkononi zaidi ya saa nzima. Inchi tisa! Siku kumi na saba tu. Mwili wa mtu haufanyi hivyo. Mpimaji kakosea, kavuta tepu, kasoma upande usio wake.

Au sikutaka tu iwe kweli. Sijui. Nimekata kwa kitabu.

Machi 26
Nimeshona kutwa. Mjomba kauliza cherehani inalia nini. Nimesema barakoa. Kasema barakoa hazina sauti ya mshono mrefu. Masikio yake bado mazima, namshukuru Mungu.

Machi 27
Suti imetoka leo, siku moja kabla. Themanini na tisa. Kesho saa tisa.

Machi 28
Nilimwambia Mjomba asubuhi: Zumari atasimama leo mbele ya watu. Alikaa kitandani akajifunga kanga ya marehemu mkewe mabegani, akaniomba kitana. Kinyozi aligeuza televisheni yake itazame nje, na watu wakajaa barabarani chini ya miavuli na mifuko, mita moja moja kama walivyoagizwa, kisha nusu mita, kisha wamebanana tu. Mjomba nilimweka kwenye kiti mlangoni petu, peke yake. Muuguzi alisimama nyuma yake na mkoba wake tayari begani.

Saa tisa na dakika ishirini akatokea.

Nilimtambua papo hapo, na papo hapo nikatamani ardhi inimeze. Suti yangu ilimpwaya, ikamning'inia. Mabega ya koti yalikaa mahali pake lakini chini ya hapo hapakuwa na mtu. Mikunjo ya suruali ilimwagika juu ya viatu. Uso hauonekani, ana barakoa nyeupe mpaka chini ya macho, na kofia. Alisema maneno machache kwa sauti ya kukwaruza: asanteni, nilikosea kuufanyia mzaha ugonjwa huu, jilindeni. Kama dakika mbili hivi. Kisha wakapiga wimbo.

Mtu mmoja barabarani akasema, "Siye."

Ikawa kama moto kwenye nyasi. Siye! Wamemvalisha mtu. Hata suti si yake, tazama, wameiazima! Zumari ana mwili, huyu ni fito. Sauti gani ile? Kinyozi alipanda juu ya stuli: "Nilisema mimi! Nilisema!" Mama Mkate, aliyesema kila siku kwamba hakuna ugonjwa, akaanza kulia kwamba wamemuua. Mwingine akacheka. Mwingine akasema yule kwenye televisheni anamfahamu, ni binamu yake Zumari, wamefanana nyonga. Nyonga! Mvua inatunyeshea na watu wanabishana juu ya nyonga.

Nikageuka kumtazama Mjomba.

"Siye," akasema. Taratibu, bila hasira. "Mimi nimemvisha yule mtu miaka ishirini na miwili. Nguo yangu haimkai hivyo." Akainuka mwenyewe akarudi ndani, akajilaza, akageukia ukuta.

Muuguzi alimfuata na kale kakifaa. Akakaa nako muda mrefu. Alipotoka uani hakunitajia namba mpaka nilipomshika mkono. "Themanini na sita," kasema. "Dada, si kesho. Leo."

Nilisimama pale uani, maji yanachuruzika kutoka kwenye bati. Nilikuwa nimeua mtu wangu kwa chaki. Ndivyo nilivyojisikia, na sitafuti maneno mazuri zaidi. Kama ningeifuata karatasi, Zumari angesimama ndani ya suti inayomkaa, mwembamba lakini yeye, na Mjomba angekuwa njiani. Sasa nikimwambia ukweli atajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba nimemficha, na kwamba ugonjwa huu unaweza kumla mtu inchi tisa. Nikinyamaza, ndiyo basi.

Nikachukua kitabu na ile karatasi, nikapita kitambaa tulichotundika.

"Mjomba, ile suti ni yangu. Nimeikata kwa kitabu."

Hakugeuka.

"Waliniletea vipimo vipya, sikuviamini. Nikakuficha. Ni kosa langu, si lake. Yule ni yeye."

"Mtu hapungui hivyo," kasema kwa ukuta.

"Nami nilisema hivyo hivyo. Tazama mwenyewe."

Kisha akanyoosha mkono nyuma akitaka miwani. Nikamshikia taa. Alisoma karatasi kama anavyosoma kila kitu, kidole chini ya mstari, ule ukucha uliopasuka ukisogea polepole. Kifua 36. Akatikisa kichwa. Kiuno 33. Akafumba macho. Mkono 25 na robo. Kidole kikasimama. Kikaenda kwenye kitabu: 25 na robo. Kikarudi. Na chini kabisa ya karatasi, kwa mwandiko mbaya wa mtu mwenye haraka, jambo ambalo mimi mpumbavu nililisoma siku ile nisilione: bega la kushoto limeshuka kidogo, nusu inchi hivi.

"Nyama hupungua," Mjomba kasema. "Mfupa haupungui."

"Naam."

"Pale kwenye televisheni. Bega lilikuwa limelala?"

"Koti nililishusha nusu inchi kama kitabu, na lilikaa begani vizuri, Mjomba. Kushoto na kulia. Hapo tu ndipo lilipokaa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikamshika kikohozi kibaya, Muuguzi akaingia mbio. "Umemkata mzee wa watu kama gunia la mkaa!" alikuwa anasema katikati ya kukohoa. "Mbele ya nchi nzima! Suti yangu!" Machozi yanamtoka, sijui ya nini.

Kisha akatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kitanda.

"Nilisema nikimwona nitakwenda," akasema. "Basi nimemwona."

Nilitaka kumshika mkono mpaka kwenye gari aliloita Muuguzi. Akakataa. Ahadi ilikuwa bila kushikwa mkono.

Machi 29
Hawaruhusu kutembelewa. Mvua.

Machi 31
Muuguzi kapenyeza habari: yuko kwenye mtungi, anaelewa, amelalamika kwamba shuka zimepindwa vibaya.

Aprili 2
Nimemweleza Kinyozi ukweli wote wa suti, tangu karatasi mpaka bega, ili watu waache. Amenisikiliza kwa makini sana.

Aprili 3
Habari imenirudia kupitia kwa Mama Mkate: eti fundi mwenyewe amekiri kwamba suti ile ilishonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Nimecheka peke yangu dukani, kisha nikalia, kisha nikashona barakoa sitini.

Aprili 5
Hakuna habari. Muuguzi hajarudi, zamu mbili mfululizo.

Aprili 6
Hakuna habari.

Aprili 7
Usiku wote nimeota inchi. Asubuhi Muuguzi kaja, kasema amepitia siku mbili mbaya, hakutaka kuniambia zikiwa bado mbaya. Nilimkasirikia, kisha nikakumbuka kopo la vifungo na karatasi iliyokuwa chini yake.

Aprili 11
Dereva kaleta suti ipunguzwe. Nilipoigeuza nikakuta pini tatu nyuma ya kiuno, mtu alijaribu kumbania dakika za mwisho. Nimepima kiuno kama pini zilivyokibana. Thelathini na tatu kamili.

"Anasema usikate," dereva kaniambia. "Pindia ndani tu. Anasema nyama yake iko njiani."

Nimetaka kumuuliza, niambie kweli, ni yeye? Nimeshona kwa mikono yangu, nimeona bega, nimeona pini, na bado swali lilinifika mdomoni. Kelele za watu zinaingia kichwani hata kama huziamini. Nimelimeza.

Aprili 14
Redio inasema Zumari ameruhusiwa kutoka hospitali. Kinyozi anasema ameruhusiwa yule mwingine. Mama Mkate siku hizi anavaa barakoa mbili, lakini anasema ni kwa ajili ya baridi.

Aprili 20
Jua leo, la kwanza tangu sijui lini. Muuguzi alinipigia simu: njoo lango la nyuma, saa sita.

Tulikuwa kama kumi tunasubiri, hakuna anayezungumza. Walioruhusiwa wakawa wanatoka mmoja mmoja. Kila anayetoka, mtu fulani kati yetu anapiga kelele. Akatoka mzee mmoja mwenye mfuko wa plastiki, shati limemwagika juu yake, mkono mmoja umeshika suruali isianguke. Nilimwonea huruma nikaangalia nyuma yake, nikimtafuta Mjomba wangu.

Yule mzee akaja akasimama mbele yangu.

Na mimi, niliyewasema watu wa mtaa mzima, niliyewacheka kwa nyonga zao, moyo wangu ulisema: siye. Shingo ile sikuijua, mashavu yale sikuyajua. Nikatazama mkono ulioshika suruali. Ukucha umepasuka katikati.

"Kama huamini," akasema, na sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza, "leta tepu."

Nilimkumbatia kabla Muuguzi hajanikataza. Mabega yalikuwa pale pale.

Nyumbani hakutaka kulala kwanza. Alisimama katikati ya duka akanyoosha mikono kama mteja, akasema hawezi kutembea ameshika suruali siku zake zote, nimshonee. Kifua, mkono, bega. Alikuwa anataja namba zake za zamani kabla sijazisoma, na mimi namjibu mpya, na kila mara anasema, "Loo." Nilipofika kiunoni tepu ilizunguka ikanibakia nyingi mkononi, nikashindwa kuitaja. Akainama akaisoma mwenyewe.

"Ishirini na tisa," akasema.

Nikafungua kitabu kwenye ukurasa wake, nikachukua kalamu ya wino. Akanishika mkono.

"Hapana, mpwa wangu. Hiyo andika kwa penseli."